Kalamu Nyekundu Huja Baada ya Mavuno

Nilifungua bahasha ndani ya basi, tulipokwisha kupita Makambako, pale barabara inapoanza kuteremka kutoka kwenye baridi na kuingia joto la Usangu. Insha nilikuwa nimeikabidhi wiki ya tano ya muhula. Ilirudi siku ya mwisho, baada ya mtihani, ikiwa kwenye rundo juu ya meza ya korido, kila mtu ajitafutie yake. Nikatazama alama: 11 kati ya 20. Nikapitisha macho kwenye wino mwekundu bila kusoma, nikiangalia tu ni wapi umekolea. Konda alipoita, "Igawa! Wa Igawa sogeeni mlangoni," nikaikunja mara nne, nikaisukuma chini kabisa ya begi, chini ya viatu. Ilipita miaka tisa kabla sijaikunjua.

Makala haya yanahusu ule mkunjo. Kila aliyepita chuo anaujua, na kila aliyewahi kufundisha ameulalamikia. Lalamiko la walimu ni lile lile kila mahali: tunakesha tukisahihisha, wao wanatazama alama na kutupa karatasi. Nililisikia nikiwa mwanafunzi, nikalisikia tena nilipoanza kufundisha, na kwa muda nililirudia mimi mwenyewe kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Leo naona lina nusu ya ukweli. Wanafunzi wanayasoma maoni yetu, tena wanayasoma vizuri kuliko tunavyodhani, na wanayajibu kulingana na jinsi yalivyo. Maoni mengi ya vyuoni ni hukumu. Hukumu ikishasomwa, mtu hukata rufaa au huenda zake. Hakai kuzungumza nayo.

Tulikuwa wanne chumbani, katika hosteli ya chuo kimoja mjini Iringa, wote tukisomea ualimu, wote tukiwa na Kiswahili kama somo mojawapo. Kazi zikirudi, kila mmoja alikuwa na namna yake.

Wa kwanza alichukua kalamu na kupiga hesabu. Kazi za muhula ni 40, mtihani ni 60. Nina ngapi, nahitaji ngapi nisipate sapu. Hesabu ikiisha, karatasi nayo ilikuwa imemaliza kazi yake. Kesho yake ingefungia maandazi. Usimcheke. Chuo ndicho kilichomfundisha kwamba karatasi ile ni namba. Mtu anayeishi kwa bumu, ambaye akidisko anarudi kijijini na deni la mkopo bila cheti, hawezi kuanza na swali la kama hoja yake ina mashiko.

Wa pili alisahihisha. Palipopigiwa mstari alifuta, palipoandikwa "Chanzo?" aliweka chanzo, palipokosekana koma alitia koma. Alikuwa mtiifu na nadhifu. Kisha ile kazi safi aliihifadhi kwenye kompyuta, na mwaka uliofuata ikawa desa la waliokuja nyuma yetu. Mawazo yaliyokuwamo yalikuwa yale yale ya siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kusahihisha ni jambo moja na kuandika upya ni jambo jingine, na ukitazama maoni aliyopewa, hakukuwa na lolote lililomwomba aandike upya.

Wa tatu ndiye aliyeumia, na yake ni ndefu kidogo. Wa nne ni mimi, niliyekunja.

Niliikunjua nikiwa likizo nyumbani Igawa, nikitafuta cheti cha kuzaliwa kwenye lile begi la zamani. Wakati huo nilikuwa tayari ninafundisha chuo cha ualimu, na pembeni yangu kulikuwa na rundo la kazi za wanafunzi wangu ambazo nilikuwa nimezibeba ili nizisahihishe. Kwa hiyo niliisoma insha yangu ya zamani kwa jicho la mtu anayeshika kalamu nyekundu. Mara hii niliyasoma maneno ya pembeni kabla ya alama, nikayasoma kama ninavyosoma shairi au barua: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini.

Yalikuwa 14. "Fafanua." "Mfano?" "Chanzo?" "Sarufi!" "Hoja haina mashiko." "Aya ndefu mno." "Fafanua" tena. Nikajaribu jambo moja. Nikachukua kazi ya mwanafunzi wangu mmoja, iliyohusu malaria, nikawaza kuyabandika yale maoni pembeni mwake. Kumi na matatu yalikaa vizuri kabisa. Yangekaa vizuri pia kwenye insha ya ushairi wa Shaaban Robert, au ya bei ya mbolea. Hayakuwa yamesemwa kwangu. Na lililonitia aibu zaidi ni kwamba yalifanana neno kwa neno na yale ambayo mimi nilikuwa nimeandika asubuhi ile kwenye rundo lililokuwa pembeni.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1982 Nancy Sommers wa Marekani alichapisha makala juu ya walimu wanavyoandika maoni kwenye kazi za wanafunzi. Yeye na wenzake wawili waliangalia walimu 35 wa Chuo Kikuu cha New York na Chuo Kikuu cha Oklahoma. Waliyoyakuta hayana umbali na korido yetu ya Iringa. Maoni mengi yangeweza kuchongwa kama muhuri na kugongwa kwenye karatasi yoyote. Mengi yalimtoa mwanafunzi kwenye kile alichotaka kusema na kumpeleka kwenye kile mwalimu alichotaka kusikia. Na mara nyingi sentensi ile ile iliambiwa mambo mawili yanayopingana: rekebisha koma hapa, na pia endeleza wazo hili. Ya kwanza inasema sentensi imekamilika, imebaki kufutwa vumbi. Ya pili inasema bado haijazaliwa. Mwanafunzi mwenye akili huchagua lile jepesi. Anatia koma.

Halafu kuna alama yenyewe. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliofanya kwa watoto wa shule nchini Israeli. Wapo waliopewa maoni peke yake, wapo waliopewa alama peke yake, na wapo waliopewa vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata, na hamu yao ikabaki. Ungetarajia waliopewa vyote viwili wawe juu yao, au angalau sawa nao. Hawakuwa. Alama ilipowekwa kando ya maneno, maneno yalipoteza nguvu. Wale walikuwa watoto wa shule, si wanachuo, lakini ninapomkumbuka mwenzangu akipiga hesabu zake sioni tofauti kubwa. Ukimwandikia mtu 11 kati ya 20 kisha ukamwandikia aya nzima ya ushauri, umemwandikia 11 kati ya 20.

Sasa nimfikie wa tatu. Alikuwa msomaji kuliko sisi wote. Maktaba ilipofungwa alikuwa wa mwisho kutoka. Tulipopewa kazi ya kuandika kuhusu utani, sisi watatu tulitafuta madesa. Yeye aliandika juu ya msiba wa babu yake, jinsi watani walivyoingia na kudai jeneza halitoki mpaka walipwe, na jinsi bibi yake alivyocheka katikati ya kilio. Alinisomea usiku, taa imezimwa, kwa mwanga wa simu. Nilijua kwamba ile haikuwa kazi ya kozi tu.

Ilirudi ikiwa na alama 6 na maneno manne yaliyopigiwa mstari mara mbili: "Kazi hii si yako."

Alikwenda ofisini na karatasi zake za rasimu, zenye michoro na mikato yake yote. Nilimsindikiza, nikasimama mlangoni. Alisema, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikiwa marahaba bila kutazamwa. Akaeleza. Mwalimu alikuwa na haraka. Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya mia tatu, na nje walikuwa wamepanga foleni wengine wenye alama zilizopotea. Akazipindua zile rasimu kidogo, akasema, "Wewe andika kama wenzako wanavyoandika, hutapata matatizo."

Akaandika kama wenzake. Kuanzia muhula ule alitumia madesa kama sisi, akafungua kila insha kwa fasili tatu za wataalamu watatu, akafunga kwa "kwa kuhitimisha". Alama zake zikapanda: 13, 14, 15. Ukitaka kumwona mwanafunzi aliyefuata maoni ya mwalimu wake kwa ukamilifu, ni yeye. Hadi leo anaandika barua rasmi zisizo na kosa hata moja. Nilipomuuliza juzi kama bado ana ile insha ya msiba, aliniuliza, "Ipi?"

Sisemi mwalimu yule alikuwa mtu mbaya. Nimekaa kwenye kiti chake. Ukiwa na kazi mia tatu, ukitoa dakika kumi kwa kila moja, hizo ni saa 50, na hakuna mahali kwenye ratiba ya wiki palipoandikwa saa 50. Kalamu inakimbia. Kazi isiyofanana na nyingine inakuzuia njiani, na mtu aliyechoka akizuiwa njiani hukasirika. Lakini mwanafunzi haoni zile mia tatu. Anaiona moja, yake, na maneno manne.

Kwenye kozi zilizofundishwa kwa Kiingereza kivuli hiki kilikuwa kirefu zaidi. Wengi wetu tulisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, tukabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, tukafika chuo tukiwa bado tunavuka daraja. Wino mwekundu uliangukia karibu wote kwenye lugha. Mwenzangu mmoja wa kike alinieleza mbinu yake bila kujisikitikia: alikuwa haandiki wazo analoliona zuri, alikuwa anaandika wazo analoweza kulisema bila kosa. Kila muhula sentensi zake zilizidi kuwa fupi na salama. Karatasi zake zikawa safi. Mwalimu akimtazama angesema ameimarika.

Kuna namna nyingine, na haiko mbali nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi Makerere, akiitwa James Ngugi. Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida la wanafunzi, Penpoint, na Jonathan Kariara alikuwa miongoni mwa waliolishughulikia. Ngũgĩ amesimulia kwamba siku moja alimwambia Kariara ameandika hadithi fupi, je, angependa kuisoma? Hakuwa ameandika chochote. Kariara alipokubali, ikabidi aende kuiandika. Kisha Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana hapo hapo Makerere kwa mkutano wao mkubwa, na kijana yule akampelekea Chinua Achebe mswada wa riwaya. Achebe akausoma, akatoa maoni yake, akasaidia kuufikisha kwa wachapishaji wa Heinemann. Mwaka 1964 ukatoka kama Weep Not, Child.

Najua, si kila mwanachuo ni Ngũgĩ, na si kila mhadhiri ni Achebe. Lakini angalia mambo mawili yaliyokuwepo pale ambayo korido yetu haikuwa nayo. Aliyesoma hakuwa ameshika alama. Na kilichosomwa kilikuwa bado mswada, kitu ambacho kesho yake kingeweza kubadilishwa. Maoni yalikuwa na pa kwenda.

Hata Mwalimu Nyerere, mtu aliyekuwa Rais na ambaye hakuna wa kumpa 11 kati ya 20, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Sisi tulisomeshwa kitabu cha pili bila kuambiwa kwamba kulikuwa na cha kwanza. Tulifundishwa kwamba waandishi wakubwa huandika. Hatukufundishwa kwamba hurudia.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimejitendea wema kupita kiasi, kwa sababu yale maoni yalikuwa 14, nami nimeeleza 13.

Insha yangu ilihusu maji. Tuliambiwa tuandike juu ya mahali tunapopafahamu, nami nikaandika juu ya daraja la Igawa na Mto Mbarali unaopita chini yake kwenda kuungana na Ruaha Mkuu. Nilieleza kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, na nikaeleza sababu: wafugaji. Nilikuwa na hakika. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Usangu na ng'ombe wao, na mwaka 2008 pori la akiba likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nami niliandika kwa furaha ya mtu aliyeona haki ikitendeka. Pembeni ya aya hiyo, kwa penseli, si kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na maneno mawili: "Na mifereji?"

Mwalimu aliyeandika hivyo alijua mimi ni mtoto wa wapi. Siku ya kwanza ya kozi tulijitambulisha, nikasema natoka Igawa, nyumbani ni wakulima wa mpunga. Alikuwa ameisoma insha yangu, yangu mimi, akaona kile ambacho nilikiacha nje. Mpunga unakunywa maji ya mto ule ule. Tafiti zilizofanywa bondeni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi yalikuwa na sehemu kubwa katika kukauka kwa Ruaha kuliko kwato za ng'ombe. Mfereji mmoja kati ya hiyo ulipita kwenye majaruba ya mama yangu. Ulinilipia ada.

Nikiwa mkweli, sikuikunja ile karatasi kwa sababu ya zile "Fafanua" peke yake. Niliyaona yale maneno mawili ya penseli ndani ya basi. Niliyaona, nikayaelewa papo hapo, na nikafurahi kwamba muhula umekwisha na hakuna atakayenidai jibu. Maoni mabovu hunyimwa jibu kwa sababu hayaulizi kitu. Maoni mazuri nayo hunyimwa jibu kwa sababu yanauliza, na utaratibu wetu unampa mwanafunzi mlango wa kutokea: alama imeshawekwa, karatasi imefungwa, nenda nyumbani.

Basi nimeanza kujaribu. Darasani kwangu kuna watu tisini, kwa hiyo ninaweza kufanya hivi kwa insha moja tu kwa muhula. Wanaleta rasimu bila kusubiri alama. Wanasomana wao kwa wao kwanza. Mimi ninaandika kwa penseli, swali moja au mawili, na ninajilazimisha kuuliza swali ambalo haliwezi kubandikwa kwenye insha ya mwingine. Wana wiki mbili za kurudi. Alama inakuja baadaye, kwenye toleo la pili.

Sitaki kukudanganya kwamba kila mtu amebadilika. Mara ya kwanza nusu ya darasa iliniuliza, "Mwalimu, mbona hujaweka maksi?" Wapo waliorudisha rasimu ile ile ikiwa imechapwa upya steshenari kwa herufi nzuri zaidi. Yupo aliyelipeleka swali langu kwenye programu ya simu na kuniletea jibu lake zima, laini, lisilo na kosa. Simlaumu sana; programu haifoki, wala haimwambii mtu kazi si yake. Huko nyuma, katika ile makala ya 1982, Sommers alikwisha kuona kwamba lugha ya kompyuta ilikuwa na utulivu na adabu kuliko ya walimu wengi.

Ila mmoja, binti mkimya wa safu ya nyuma, alirudi na rasimu yake, akasimama mbele ya meza na kusema, "Shikamoo, mwalimu. Samahani, hapa hukunielewa." Akanionyesha. Nilisoma tena. Alikuwa na haki, nilikuwa nimekimbia. Tulibishana robo saa juu ya aya moja, kisha akaondoka kwenda kuifanya iwe wazi hata kwa msomaji mwenye haraka kama mimi. Wiki ile sikusahihisha kitu kingine chochote kilichonipa raha.

Nyumbani Igawa, msimu wa kupandikiza, mama hutembea kwenye tuta la jaruba akiwatazama vibarua. Akiona mche umezamishwa mno au mistari imebanana, anasema pale pale, kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, huo utaoza, uinue kidogo," na mtu anauinua, maji bado yako vifundoni. Sijawahi kumsikia akikagua upandaji mwezi wa sita.

Insha yangu nimeianza upya. Sina wa kumkabidhi, na yule mwalimu wa penseli amekwisha kustaafu. Aya ya kwanza inaanza kwenye mfereji wetu, asubuhi, mama akifungua maji.